Watu Tisa, Majaketi Matano

Juma hili sitazungumzia bei ya kahawa wala barabara. Leo nataka nikusimulie matembezi ya siku moja, ya kwenda na kurudi, niliyoyafanya katika kisiwa ambacho nimekitazama tangu utoto wangu bila kukikanyaga hata mara moja.

Ukisimama ufukoni Bukoba ukaelekeza macho ziwani, huwezi kukikosa kisiwa cha Musira. Ni jabali kubwa lililokaa mbele ya mji kama mlinzi aliyesahauliwa zamu yake. Wageni wakishuka kwenye ndege hukipiga picha. Sisi wenyeji hatukipigi picha, kwa sababu mtu hapigi picha ukuta wa nyumba yake. Mashua ya mashine haichukui hata nusu saa kufika. Lakini waulize watu kumi mjini Bukoba, wasio wavuvi wala wachuuzi wa samaki, ni wangapi wamewahi kufika Musira. Nimewauliza. Nawe jaribu.

Basi mambo yalianza hivi. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anasoma Marekani. Mwaka uliopita wakati wa likizo, yeye na wenzake walikwenda Puerto Rico, katika bahari ya Karibi. Kutoka mji wa Fajardo, upande wa mashariki, walipanda chombo kinachoitwa katamarani, yaani jahazi lenye miili miwili iliyounganishwa kwa sitaha moja pana. Sisi wa Afrika Mashariki tusishangae sana, maana ndugu zetu wa pwani wanayo ngalawa yenye matengo huku na huku, na shabaha ni ile ile: chombo kisipinduke. Katamarani hiyo iliwapeleka kisiwa kidogo cha Icacos, wakashinda huko siku nzima wakiogelea juu ya matumbawe. Kila mmoja alivaa miwani ya maji usoni na kuuma mrija wa kupumulia mdomoni, akiwatazama samaki chini kama mtu anayetazama barabarani kutoka dirisha la ghorofa.

Alinitumia picha. Nilizitazama nikatabasamu, nikamwandikia kwamba wenzetu wanajua kustarehe. Naye akanijibu kwa swali moja: "Mjomba, na Musira je?"

Sikumjibu siku ile. Naomba nieleze kwa nini.

Mimi ni mtoto wa Muleba. Nimezaliwa juu kule Kamachumu, ambako asubuhi ya anga safi ziwa linaonekana kwa mbali likimeremeta. Bibi yetu alitufundisha kuliheshimu ziwa kwa kuliogopa. Alitutajia Mugasha, ambaye wazee wa Kihaya walimwona kuwa ndiye mwenye ziwa na mwenye dhoruba, kwamba hapendi watoto watukutu. Shuleni tuliambiwa habari za kichocho, nazo ni za kweli. Kwa hiyo kati ya Mugasha na kichocho, hakuna aliyetufundisha kuogelea.

Halafu ikaja tarehe 21 Mei, 1996. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Meli ya MV Bukoba iliondoka Bukoba jioni ya tarehe 20, ikapitia Kemondo kuongeza abiria na mizigo, na asubuhi ya siku ya pili, ikiwa imekaribia kabisa Mwanza, ikapinduka. Meli ile ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Ilikuwa na watu wengi kupita kiasi hicho. Mamia walikufa, na Rais Benjamin Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo ya taifa. Wenye umri wangu wanakumbuka jinsi meli ilivyoelea tumbo juu, watu wakiwa hai ndani yake wakigonga chuma, na jinsi chuma kilipokatwa ili watolewe, hewa ikatoka, meli ikazama. Wengi walizikwa Igoma.

Mjomba wangu mimi, kaka yake mama, alipanda meli ile akitokea Kemondo. Hatukupata mwili wake. Tulipata jina lake katika orodha iliyobandikwa ukutani. Tangu siku hiyo, katika ukoo wetu, safari ya Mwanza ikawa ya basi la kupitia Biharamulo, hata kama barabara ilikuwa mbovu kiasi gani. Hakuna aliyelitangaza kuwa sheria. Lilijitunga lenyewe.

Hivyo, ndugu msikilizaji, mpwa wangu aliponiuliza habari za Musira, hakujua alikuwa akiuliza nini. Hakuwa amezaliwa.

Mwezi uliopita alikuja likizo. Ndani ya sanduku lake alikuwa na miwani miwili ya maji na mirija yake. Siku ya pili tu akaniambia, "Mjomba, Jumamosi tunakwenda." Mwanangu wa miaka kumi na mmoja, aliyekuwa amekaa pembeni akijifanya anasoma, akaruka juu. Nikawa nimezungukwa.

Jumamosi saa mbili asubuhi tulikuwa mwaloni. Usiku kulikuwa na radi, kama kawaida yetu. Bukoba ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi sana Tanzania, na nyingi ya mvua hiyo huundwa ziwani usiku na kutufikia alfajiri. Lakini saa mbili mbingu zilikuwa zimesafika na maji yametulia. Tulikubaliana na mzee mmoja mwenye mashua, tuliyemwita Ta kwa heshima ya kwetu. Akaomba awachukue na watu wanne waliokuwa wakienda huko kwa shughuli zao. Tukakubali. Pamoja na yeye na msaidizi wake tukawa watu tisa.

Hapo ndipo mpwa wangu alipouliza, kwa adabu kabisa, "Ta, majaketi ya kuokolea yako wapi?"

Mzee akafunua turubai. Yalikuwepo matano. Moja lilikuwa limekatika mikanda.

Sasa nisikilize vizuri, maana sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike mazungumzo haya. Mpwa wangu alisema hapandi mpaka yapatikane tisa. Abiria wale wanne wakaanza kunung'unika. Mmoja, bwana mwenye gunia la unga, akasema ziwa limelala kama mtoto, na yeye amevuka miaka kumi na tano bila kuvaa hayo makorokoro. Mwingine akasema watu wa Ulaya wana mambo. Nami, mtu niliyesoma taarifa za ajali mbele ya kipaza sauti mara nisizoweza kuzihesabu, mtu ambaye mjomba wake hakuzikwa, niliona haya. Sikumwonea haya mwenye mashua. Nilimwonea haya mpwa wangu. Nilimvuta pembeni nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hapa si Marekani. Usitutie aibu. Mwanao huyu mdogo avae, na wewe vaa, sisi wakubwa tutajikaza."

Akanitazama. Akasema, "Mjomba, unajua kuogelea?"

Nikasema sijui.

Akasema, "Sasa utajikaza na nini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Hebu fikiri nawe: mtu anajikaza na nini ndani ya maji?

Mzee wa mashua, kwa heshima yake, hakukasirika. Alimtuma msaidizi kwa wenzake wenye mashua jirani. Tulingoja karibu saa nzima. Yakapatikana manne na mikanda ya lile la tano ikafungwa kwa kamba mpya. Nilimuuliza Ta kwa nini hana ya kutosha siku zote. Akaniambia maneno ambayo ni haki yake niyafikishe: kwamba jaketi zuri ni ghali, kwamba jua na maji huliharibu, kwamba abiria hulifanya mto wa kukalia, na kwamba hakuna abiria hata mmoja katika mwaka ule aliyewahi kumuuliza kabla ya mpwa wangu. "Ninunue cha nini kitu ambacho mteja hakitaki?" akasema. Sheria inamtaka awe nayo, na ni haki imbane. Lakini swali lake linatuhusu sisi tunaopanda.

Tukavuka. Sitasema sikuogopa. Nilishika ubao wa mashua mpaka vidole vikawa vyeupe. Mwanangu alikuwa mbele akiimba.

Musira ni kisiwa cha miamba na wavuvi. Nyumba za mabati, dagaa wameanikwa wakimetameta juani, watoto wanaokimbia juu ya mawe kama mbuzi. Wazee husimulia kwamba enzi za wafalme wa Kihaya, waliotiwa hatiani walipelekwa huko wakaachwa. Ukisimama juu ya jabali na kuuona mji wa Bukoba ulivyo karibu, ukiona hata paa la kanisa kuu, unaelewa ukali wa adhabu ile: mtu alikuwa akiiona nyumba yake na asiweze kuifikia. Nikajiuliza, ni maji kiasi gani yaliyomtenga? Ni kidogo. Kilichomfunga ni kutojua kuogelea na kukosa mtumbwi. Na sisi wa mjini, waliotufunga ni akina nani?

Mchana tulikula ndizi na sato wa kuchoma kwa mama mmoja wa pale, tukatafuna na kahawa. Halafu mpwa wangu akasema sasa ni zamu ya miwani. Ta akatuonya tusiingie palipo na majani na maji yaliyosimama, kwa sababu konokono wanaobeba kichocho hupenda hapo. Akatupeleka upande wa miamba, kwenye kina na mawimbi. Hata hapo hatari haiishi kabisa, na niliwaambia vijana kwamba tutakwenda zahanati kupima kwa wakati wake. Kichocho kina dawa, tena ni ile ile wanayopewa watoto mashuleni.

Mpwa wangu akaingia majini na jaketi lake, akaelea kama bata. Akamfundisha mwanangu. Kisha wote wawili wakanigeukia.

Ndugu msikilizaji, mimi ni mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mwenye stashahada ya uandishi wa habari na kitambi cha kiasi. Nilifungwa jaketi, nikafungwa na kamba kiunoni iliyoshikwa na Ta mwenyewe, nikashushwa kama debe la maji. Nikaweka uso majini.

Si matumbawe ya Karibi, nisikudanganye. Maji yetu ni ya kijani na huoni mbali. Lakini kwenye jabali, hatua mbili chini ya uso wangu, niliwaona samaki wadogo wengi, wengine wa kijivu, mmoja wa rangi ya buluu iliyong'aa kama kitenge kipya. Ni furu. Wataalamu wanakadiria kwamba ziwa hili lilikuwa na aina kama 500 za furu, nyingi zisizopatikana popote pengine duniani. Kisha sangara akaletwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, akazaana, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi mno zilikuwa zimetoweka, kwa kuliwa na kwa maji kuchafuka. Waliobaki wengi wamejificha miambani, pale sangara asipopitia kwa urahisi. Nimekula furu utotoni. Sikuwahi kumwona akiwa hai nyumbani kwake.

Na jambo jingine nililiona, au tuseme sikuliona. Kwa miaka karibu thelathini, kila nilipofikiria chini ya ziwa nilimfikiria mjomba wangu gizani. Siku ile nilitazama chini, nikaona mwanga unashuka kwenye maji na samaki wanakula. Nililia ndani ya miwani. Ikajaa maji, nikapaliwa, Ta akanivuta. Wakadhani nimekunywa ziwa. Nikawaacha wadhani hivyo.

Tulirudi saa kumi. Upepo wa mchana ulikuwa umeamka na mawimbi yakawa makubwa kuliko ya asubuhi, yakiturushia maji usoni. Yule bwana wa unga alirudi nasi. Nilimwona amefunga mikanda yake yote mitatu. Hakusema kitu, nami sikumwambia kitu.

Tulifika salama. Hakuna kilichotokea. Na ndiyo sababu nakusimulia, kwa kuwa redioni tumezoea kutaja majaketi siku ambayo maiti zimepangwa ufukoni. Mwaka 1996 tulisema. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa abiria 101, kilipinduka kikiwa kimebakiza hatua chache kufika Ukara, watu zaidi ya 200 wakafa, tukasema tena. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani hapa hapa Bukoba ikikaribia kutua. Walikuwemo watu 43. Walikufa 19, waliokoka 24. Waliofika kwanza kuwasaidia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Tuliwashukuru, na walistahili. Lakini baada ya shukrani, je, ni shule ngapi za mwambao zilizoanza kufundisha watoto kuogelea?

Nawafikiria hasa ndugu zangu wa visiwa vya Muleba: Bumbire, Ikuza, Goziba, Kerebe. Kwao kuvuka maji hakuna likizo ndani yake. Mwalimu anavuka kufuata mshahara, mama mjamzito anavuka kufuata hospitali, mtoto anavuka kwenda sekondari. Nimewahi kwenda Bumbire kikazi, kwa mashua, bila jaketi, nikiwa nimefumba macho. Nilirudi nikatangaza habari za mapato ya samaki. Sikusema neno juu ya mashua.

Na Bumbire ina historia ambayo watalii wangelipia kuisikia. Mwezi Aprili 1875 Henry Morton Stanley alifika hapo na mashua yake, Lady Alice. Wenyeji wakamnyang'anya makasia, akaponea chupuchupu, watu wake wakipiga maji kwa mbao walizozing'oa ndani ya mashua. Agosti mwaka ule ule akarudi na mitumbwi mingi na bunduki, akawapiga risasi wenyeji waliosimama ufukoni, akaua makumi. Aliandika mwenyewe magazetini, na hata Uingereza wako waliomlaani. Ni nani anayempeleka mgeni Bumbire leo akamweleza hayo mahali yalipotendeka?

Nikilinganisha na ile safari ya Puerto Rico, mpwa wangu aliniambia kitu kimoja. Kabla katamarani haijafungua kamba, nahodha aliwakusanya wote. Akawaonyesha majaketi yalipo, akawauliza nani hajui kuogelea, akawaambia nini kifanyike mtu akichoka. Ni dakika kumi tu. Hilo halihitaji mkopo wa nchi za nje. Ta angeweza kulifanya kesho.

Kwa hiyo ninayo maombi matatu, nayo si makubwa. Kwa wenye mashua: ingizeni bei ya jaketi ndani ya nauli, tutalipa. Kwa walimu na halmashauri zetu za mwambao: mtoto anayekaa kando ya ziwa na hajui kuogelea ni sawa na mtoto wa barabarani asiyejua gari, mtafutieni mahali salama na mtu wa kumfundisha. Na kwako wewe abiria mwenzangu: uliza. Uliza kwa adabu, lakini uliza kabla hujaweka mguu. Watanung'unika. Wataisema Ulaya. Ngoja tu hiyo saa nzima.

Mpwa wangu amekwisha rudi masomoni. Miwani miwili ameiacha, imetundikwa sebuleni kwenye msumari. Mwanangu anauliza kila Ijumaa kama kesho tunakwenda. Nimemwambia kwanza baba yake ajifunze kuogelea, na nimeanza, kwenye bwawa, kila Jumapili, katikati ya watoto wa darasa la tatu wanaonicheka. Wananishinda wote. Lakini juma lililopita niliachia ukingo kwa mara ya kwanza.

Ndugu msikilizaji, kwa leo naishia hapa. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda, sote tukiwa nchi kavu.